Seli: chumba kisicho na ukuta

Mtu akilala polisi, tunasema amelala selo. Mwanafunzi wa biolojia naye anafundishwa seli. Yote mawili yanatokana na neno moja la Kiingereza, cell, ila yameingia kwetu kwa milango tofauti.

Asili ni Kilatini, cella: chumba kidogo au stoo. Waingereza walilitumia kwa chumba cha mtawa na kijumba cha sega la nyuki, baadaye cha mfungwa.

Mwaka 1665 Robert Hooke alieleza katika kitabu chake, Micrographia, alivyoweka chini ya hadubini kipande chembamba cha lile gome jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa. Aliona vishimo vimepangana kama sega, akaviita cells. Hata akapiga hesabu: inchi moja ya ujazo ina vishimo 1,259,712,000!

Shida ni kwamba gome lile lilikuwa limekufa. Alichoona Hooke ni kuta tu. Mwenye nyumba alishaondoka.

Mwaka 1838 Matthias Schleiden alieleza kuwa mimea imejengwa kwa seli, na 1839 Theodor Schwann akasema hivyo hivyo kuhusu wanyama. Hapo jina likaanza kubana, maana seli ya mnyama haina ukuta, ina utando laini tu. Mwaka 1861 Max Schultze alisisitiza kuwa cha msingi ni ile rojorojo hai pamoja na kiini chake. Lakini jina lilishazoeleka.

Likazidi kusafiri. Likaingia kwenye betri. Mwaka 1947 wahandisi wa Bell Labs walipendekeza kugawa eneo la mawasiliano ya redio katika vipande vilivyopangana kama sega, navyo vikaitwa cells. Ndiyo maana Wamarekani huita simu ya mkononi cell phone.

Je, jina lina madhara gani? Chukua selimundu. Ukifikiria seli kama kisanduku kigumu, huwezi kuelewa ugonjwa huu. Chembe nyekundu ya damu yenye afya ni laini, inajikunja na kupenya kwenye mishipa myembamba sana. Ya mgonjwa inakakamaa, inapinda kama mundu, inaziba njia. Maumivu yanaanzia hapo: seli imekuwa ngumu kama chumba.

Kumbe istilahi yetu nyingine, chembe hai, inataja kile ambacho Hooke hakukiona: uhai. Walimu, msiiache.