CMTR1: Kimeng'enya kinachogonga muhuri kwenye mRNA

Virusi vya influenza, ile homa ya mafua makali, haviji mwilini na kila kitu. Vinachokosa, vinaiba. Kimojawapo ni kazi ya kimeng'enya kinachoitwa CMTR1.

Kwanza, mRNA ni nini?
Ni nakala ya maelekezo ya jeni. Inatoka kwenye kiini cha seli kwenda kutengenezewa protini. Mwanzoni mwake huvishwa "kofia", ambayo wanasayansi waliieleza mwaka 1975. Bila kofia, nakala huharibiwa haraka na haisomwi vizuri.

CMTR1 inafanya nini?
Kofia ikishavishwa, CMTR1 inaongeza methili, yaani kaboni moja na haidrojeni tatu tu, kwenye sukari ya herufi ya kwanza inayofuata kofia. Methili hiyo inaitoa kwenye molekuli iitwayo SAM. Kabla ya hapo ni kofia 0, baada ya hapo ni kofia 1.

Kwa nini kitu kidogo hivyo ni muhimu?
Kwa sababu ni muhuri. Seli ina protini zinazokagua RNA. RNA ikikosa muhuri, RIG-I inaamsha kinga ya mwili, na IFIT1 inaishika isisomwe. Ndiyo maana hata chanjo za mRNA za corona, za Pfizer-BioNTech na Moderna, zimewekewa kofia 1.

Virusi vinapitaje?
Vya corona vinaghushi. Vina protini yao, nsp16, inayogonga muhuri uleule ikisaidiwa na nsp10. Influenza yenyewe inakata kofia za mRNA zetu, muhuri ukiwa tayari umegongwa, na kuzibandika kwenye RNA yake.

Kuna matumaini ya dawa?
Mwaka 2023, utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Science ulionyesha kwamba kemikali inayozuia CMTR1 ilipunguza kuzaliana kwa virusi vya influenza kwenye panya na kwenye vipande vya mapafu ya binadamu maabara.

Faida yake ni kwamba virusi hubadilika kila mara na kuzizoea dawa, lakini CMTR1 ni ya kwetu, haibadiliki navyo. Ugumu uko hapohapo: seli zetu nazo zinaitegemea. Dawa italazimika kumnyima mwizi bila kumuumiza mwenye mali.