Gerald Gault na Kesi Isiyoandikwa

Jumatatu ya tarehe 8 Juni 1964, kama saa nne asubuhi, polisi wa wilaya ya Gila, jimbo la Arizona, walimkamata mvulana wa miaka 15 aitwaye Gerald Gault pamoja na rafiki yake. Jirani mmoja wa kike alikuwa amelalamika kwamba kapigiwa simu ya maneno machafu. Baba na mama wa Gerald walikuwa kazini. Hakuna aliyewatafuta, wala aliyeacha hata kikaratasi mlangoni. Mama aliporudi saa kumi na mbili jioni na kukuta mtoto hayupo, alimtuma kaka mtu akamwangalie kwa yule rafiki. Huko ndiko walikosikia kwamba Gerald yuko mahabusu ya watoto.

Wakaenda. Bwana Flagg, ofisa mwangalizi wa watoto ambaye hapo hapo ndiye aliyekuwa msimamizi wa mahabusu, akamwambia mama kwamba shauri litasikilizwa kesho yake saa tisa alasiri.

Tuseme ukweli, Gerald hakuwa malaika. Tangu Februari alikuwa chini ya uangalizi wa mahakama, kwa kuwa alikutwa pamoja na mvulana mwingine aliyeiba pochi kwenye mkoba wa mwanamke. Lakini tazama sasa shauri lenyewe lilivyokwenda.

Tarehe 9 Juni walikaa ofisini kwa Jaji McGhee: mtoto, mama, kaka na maofisa waangalizi wawili. Baba alikuwa mbali kikazi. Mlalamikaji hakufika. Hakuna aliyeapishwa, na hakuna aliyeandika kilichosemwa. Hati ya mashtaka ilikuwepo, lakini familia haikupewa, ikaja kuiona tarehe 17 Agosti. Na hata wangeipata mapema isingewasaidia, kwani ilisema tu kwamba huyu ni mtoto chini ya miaka 18, ni mkosaji, na anahitaji ulinzi wa mahakama. Kosa gani? Haikutaja.

Gerald aliwekwa ndani siku chache, akaachiliwa. Siku hiyo hiyo mama akaletewa barua ya Flagg, kwenye karatasi tupu isiyo na nembo ya ofisi, kwamba jaji amepanga shauri liendelee Jumatatu tarehe 15 saa tano asubuhi. Siku hiyo mama aliomba jambo moja tu: yule jirani aitwe, aseme ni kijana yupi aliyetamka maneno yale. Jaji akajibu kwamba si lazima awepo. Jaji mwenyewe hakuwahi kuzungumza naye hata siku moja. Flagg alizungumza naye mara moja, kwa simu.

Hukumu: shule ya marekebisho hadi afikishe miaka 21, labda aachiliwe mapema. Yaani hadi miaka sita. Mtu mzima akitenda kosa hilo hilo Arizona angetozwa faini ya dola 5 hadi 50, au jela isiyozidi miezi miwili.

Mtu atauliza, hii iliwezekanaje katika nchi inayojisifia katiba yake? Jibu liko Chicago mwaka 1899, ilipoanzishwa mahakama ya kwanza ya watoto nchini humo. Waanzilishi walikuwa watu wenye huruma, waliochoka kuona watoto wakifungwa pamoja na majambazi. Wakasema serikali imtazame mtoto kama baba anavyomtazama mwanawe. Sasa, nani aliyewahi kwenda na wakili kuzungumza na baba yake? Kwa mantiki hiyo wakili akaondolewa, ushahidi wa kiapo ukaondolewa, na haki ya kunyamaza pia. Binafsi naona huruma ya namna hii inatisha kuliko ukali, maana mkali angalau unajua unakingana naye.

Sheria ya Arizona haikuruhusu rufaa kwa watoto. Familia ikapata wakili, Amelia Lewis, na njia iliyobaki ilikuwa kuomba serikali ieleze inamshikilia mtoto kwa haki ipi. Katika kusikiliza ombi hilo ndipo athari ya kutoandika ilipoonekana. Mama alikumbuka Gerald akisema alibonyeza namba tu, kisha akampa mwenzake simu. Flagg alikumbuka mtoto akikiri kutamka machafu. Jaji naye alikumbuka amekiri neno moja, yale mazito zaidi hapana. Watu wazima watatu waliokaa chumba kimoja, kila mmoja na hadithi yake, na miaka sita ya mtoto inaning'inia hapo.

Tarehe 15 Mei 1967 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu. Aliyeandika uamuzi ni Abe Fortas, ambaye miaka minne kabla, akiwa wakili, ndiye aliyemtetea Gideon katika kesi iliyowapa washtakiwa maskini haki ya kupewa wakili. Kwa Fortas, mtoto anayeweza kufungiwa lazima aelezwe mashtaka kwa maandishi na mapema, awe na wakili hata kama familia haina fedha, apate nafasi ya kumhoji anayemshtaki, na asilazimishwe kujitia hatiani. Cha ajabu, mahakama haikuamua kama mwenendo wa kesi ya mtoto ni lazima uandikwe.

Huku kwetu, Katiba ya Kenya ya 2010 inataka mtu anayekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa, na kwamba ana haki ya kunyamaza. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 bado inataka mahakama ya watoto isiwe ya kirasmi sana, ila inampa mtoto nafasi ya kuwa na wakili.

Lakini uamuzi wa Gault ulikuwa wa mahakamani. Ofisi ya mwalimu mkuu ni nchi nyingine. Mwaka 1985, katika kesi ya msichana wa New Jersey anayejulikana kwa herufi T.L.O. tu, mahakama ilisema mwalimu anaweza kupekua mkoba wa mwanafunzi bila hati, mradi ana sababu ya maana ya kumshuku. Je, polisi akiingia shuleni, mtoto yuko nchi ipi?

Swali hilo lilifika mahakamani kupitia mvulana mwingine wa herufi, J.D.B., wa darasa la saba, miaka 13, North Carolina, mwaka 2005. Askari alimtoa darasani akampeleka chumba cha mikutano, wakamhoji kuhusu wizi nusu saa au zaidi, mlango umefungwa. Bibi yake aliyekuwa akimlea hakupigiwa simu. Mwaka 2011, kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji walisema umri wa mtoto lazima uzingatiwe pale inapoulizwa kama alijiona yuko huru kuondoka. Siku ile yenyewe, J.D.B. alikiri kwanza, kisha ndipo mpelelezi akamwambia anaweza kukataa kujibu. Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kueleza, akapewa karatasi, akaandika. Kengele ya kutoka ilipolia wakamruhusu aende kuwahi basi la shule.