Aktini ya Damu na Aktini ya Msuli

Ukipasua perege pale Sagana, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Nyeri, ambako shamba la serikali la samaki lilianzishwa mwaka 1948, unakuta matamvua yamejaa damu na mnofu ni mweupe. Chunua ngozi ya ubavuni: kuna ukanda mwembamba wa nyama nyekundu. Huo ndio msuli wa kuogelea taratibu kutwa nzima. Ule mweupe ni wa kukurupuka.

Kinachofanywa na misuli yote miwili, wengine hukiita kusinyaa. Mimi sikubali. Jani husinyaa kwa kiu, na mguu husinyaa kwa maradhi. Makala mbili zilizotoka katika jarida la Nature mwaka 1954 zilionyesha kwamba nyuzi za protini ndani ya msuli hazifupiki: za aktini huteleza kati ya zile za miosini. Vichwa vya miosini huzishika, huzivuta na kuziachia kwa nishati ya ATP. Msuli hukaza. Basi hizo ni protini za kukaza msuli.

Kwenye damu kazi ni nyingine. Chembe nyekundu ya binadamu (ya perege ina kiini, yetu haina) ina kipenyo cha maikromita 7 hadi 8, na kwa siku 120 hivi hujipenyeza katika mishipa myembamba kuliko yenyewe, kisha hurudia umbo lake. Kinachoiwezesha ni wavu wa protini iitwayo spektrini uliotandazwa chini ya utando na kushikizwa kwa protini nyingine, ankirini. Vifundo vya wavu huo ni vya aktini, ndugu wa karibu wa ile ya msuli! Ila hapa ni vipande vifupi vya molekuli 13 hivi, ilhali uzi wa aktini katika msuli hufikia maikromita 1. Kwenye msuli aktini ni kamba ya kuvutwa. Hapa ni fundo. Miosini nayo imo katika chembe, lakini kidogo mno. Ndiyo maana nasema protini za kunyumbua utando, nikitazama kazi, maana orodha ya majina peke yake ingetuchanganya.

Kuna mahali makundi haya mawili ya protini, ya kukaza na ya kunyumbua, hupambana. Kimelea cha malaria huingia katika chembe nyekundu kwa kujisukuma kwa aktini na miosini yake mwenyewe. Kilifi, baadhi ya watu wana kundi la damu liitwalo Dantu, linalotokana na glikoforini mseto, protini ya utando. Mwaka 2020 watafiti wa Kenya na Uingereza walieleza kwamba utando wa chembe za Dantu una mvutano mkubwa zaidi. Nasema mvutano, kwa sababu mkazo nimeshauachia msuli. Mvutano huo ukipita kiwango fulani, kimelea hugusa chembe, husukuma, na hushindwa kuingia.