Goti la Grant: Karagwe katika historia ya sindano ya maungio

Mwaka 2026 unatimiza miaka 75 tangu Dk. Joseph Hollander na wenzake wa Philadelphia, Marekani, watangaze kwamba haidrokotisoni ikidungwa ndani kabisa ya goti lenye baridi yabisi, uvimbe hushuka na mgonjwa hupata nafuu. Sindano hiyo leo haishangazi mtu Kayanga, wilayani Karagwe, wala Nkwenda, wilayani Kyerwa. Wazee waliomaliza magoti kwa kupanda na kushuka vilima vya migomba na kahawa huulizana nani kachomwa, na nafuu yake ilidumu miezi mingapi.

Historia ya dawa yenyewe huelezwa kama mali ya Wamarekani na Waswisi. Sawa. Lakini anayetaka kujua mguu mbovu ulitibiwaje katika nchi hizi kabla ya dawa za viwandani, na afungue kitabu cha Kapteni James Augustus Grant, A Walk Across Africa, kilichotoka mwaka 1864. Kurasa zake zinazohusu Bweranyange, makao ya Rumanyika, mtawala wa Karagwe, ni kama faili la mgonjwa, tofauti ni kwamba aliyeliandika ni mgonjwa mwenyewe.

Grant aliingia Karagwe mwishoni mwa Novemba 1861 akiwa na John Hanning Speke, wakitafuta chanzo cha Nile. Desemba mguu wake wa kulia ukaanza kuvimba kuanzia juu ya goti. Januari Speke akashika njia ya Buganda, akamwacha mwenzake kitandani. Kwa miezi mitatu majipu yalitunga na kupasuliwa, usaha ukikamuliwa kila siku, na goti likakakamaa huku limepinda. Hakuweza kutembea. Kilichompa ahueni kidogo, anasema, ni mguu ulipochanjwa kwa kina na uchafu ukatoka.

Katika kuugua huko waganga walipishana mlangoni, kila mmoja na hoja yake. Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wa msafara, alikuwa amesikia habari za dawa ya kubandika: mavi ya ng'ombe, chumvi na tope la ziwani, vyote vya moto. Ikabandikwa. Grant anaandika kwamba ilimbana tu kama bendeji. Baraka, mwenzake wa msafara, akapinga: huyu katemewa mate na nyoka, wala hakuumwa. Kisha ndugu yake Rumanyika, ambaye Grant analiandika jina lake M'nanagee, akasema ugonjwa huo anaujua vizuri na mtu wa kuutibu anaye.

Aliyekuja ni mwenyeji wa Karagwe, Mnyambo wa kawaida, mpole, akifuatana na mke wake kijana. Aliupapasa mguu kwa mkono mwepesi, akachanja chale juu ya ngozi kwa kisu kidogo, kisha akaamuru watazamaji wote watoke nje. Mke akafungua jani la mgomba lililokunjwa. Ndani mlikuwa na dawa nyeusi. Ikalowanishwa kwa mate na kusuguliwa kwenye chale zilizokuwa zikitoka damu, ikamwasha sana. Mwisho kipande cha jiwe la volkano kikafungwa kifundoni mwake kuwa hirizi.

Hakupona. Ugonjwa ulijichosha wenyewe kufikia mwezi wa tano wa kuugua, na Aprili 1862 Grant akabebwa kwa machela kuelekea Buganda. Hata hivyo hana neno la dharau kwa waliomhudumia; anasema wote walimhurumia. Linaloudhi ni jingine: Bombay ana jina, Baraka ana jina, ila Mnyambo na mkewe, waliokuwa na ujuzi wa kuingiza dawa chini ya ngozi pale panapouma, hawana. Bweranyange ingestahili kibao cha kuwakumbuka hao wawili, hata bila majina.

Baadhi ya wanaochunguza historia ya tiba huamini kwamba Grant aliugua kidonda cha Buruli, na kwamba maelezo yake ndiyo ya kwanza yanayojulikana kuhusu maradhi hayo. Yanasababishwa na bakteria wa jamii moja na wale wa kifua kikuu na ukoma. Kama ndivyo, ni heri sindano ya Hollander haikuwapo. Steroidi, kama hiyo haidrokotisoni, hutuliza uvimbe kwa kuzuia kinga ya mwili, na kwenye kiungo chenye maambukizi huweza kuyaacha yatambae. Daktari makini hafanyi sindano hiyo kabla ya kujiridhisha kwamba hakuna usaha.

Mwaka 1876 Henry Morton Stanley naye alifika kwa Rumanyika, akapelekwa kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo leo ziko wilayani Kyerwa. Alikuta wagonjwa waliotoka nchi jirani wakioga humo. Akaoga na kunywa, asione muujiza; kwa maoni yake usafi ndio uliowaponya wenye maradhi ya ngozi.

Mengine, ya safari ya dawa hadi kwenye sindano, yanajulikana. Septemba 1948 Philip Hench wa Mayo Clinic alimpa kotisoni, ndugu ya haidrokotisoni, mwanamke aliyekuwa hajiwezi kwa baridi yabisi, na baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeusz Reichstein wakapata Tuzo ya Nobel. Dawa hiyo ya mwanzo ilitengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe, kupitia hatua zaidi ya 30 za kikemia, ikawa adimu na ghali mno.

Katika kusaka malighafi nyingine, mwaka 1951 wanasayansi wa London walieleza kuwa mabaki ya mkonge yana hekojenini, kemikali inayoweza kugeuzwa kuwa kotisoni. Mkonge! Ule ule ulioletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa hai. Katika jani lake, katani haizidi sana asilimia 4. Kinachobaki kilikuwa kikitupwa. Kampuni ya Glaxo ya Uingereza ikaanza kutumia hekojenini ya Afrika Mashariki kutengeneza steroidi zake. Manamba kutoka Kigoma na Burundi walikata majani hayo bila kuambiwa kwamba ndani yake mna dawa ya viungo vyao wenyewe, na sijaona kitabu cha shule kinachowaeleza watoto wetu habari hiyo.

Hollander alichagua kudunga ndani ya kiungo kwa sababu kotisoni ya mwili mzima ilikuwa imeanza kuonyesha makucha: uso kujaa, sukari kupanda, mifupa kudhoofika. Baadaye zikaja triamsinoloni na methilipredinisoloni, zinazoyeyuka polepole. Mwaka 2017 utafiti wa Marekani uliofanywa kwa wagonjwa 140 wenye magoti yaliyosagika ulionyesha kuwa waliochomwa triamsinoloni kila baada ya miezi 3 kwa miaka 2 walipoteza gegedu nyingi zaidi, na maumivu yao hayakupungua kuliko ya waliochomwa maji ya chumvi. Wenye kisukari nao huonywa, kwani sukari huweza kupanda kwa siku kadhaa baada ya sindano.

Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ikapata ofisi zake na mkuu wake wa wilaya. Bingwa wa magonjwa ya maungio bado ni wa kufuatwa mbali. Rufaa ya Bugando, Mwanza, ni safari ya kuzunguka ziwa, ukiwa na goti lisilokunjika ndani ya basi. Mtagata haidai rufaa, wala haina foleni ya faili, na wageni wake hawajakoma.