Drili ya chaji na ganzi ya mkono

Kijana wako ni fundi wa mitumbwi au samani pale Ujiji au Kibirizi? Huenda umemwona usiku akikung'uta mkono, akisema umekufa ganzi. Wengi husema ameulalia tu.

Kwenye kifundo cha mkono mshipa wa fahamu hupita katika njia nyembamba. Akishika drili kwa nguvu siku nzima, kifundo kimepinda na mashine inatetemeka, mshipa huo hubanwa. Ganzi huja kidole gumba, cha shahada na cha kati. Kidole cha mwisho kwa kawaida hupona.

Angalia mshikio. Ukiwa mnene kuliko kiganja, hukaza zaidi ili usimponyoke. Unene wa sentimita 3 hadi 5 huwafaa watu wazima wengi. Aujaribu dukani betri ikiwa imewekwa, maana nayo huongeza uzito. Kuuzungushia kitambaa huongeza unene, na biti butu humlazimisha kusukuma.

Mshikio wa bastola hufaa kutoboa ubavu wa mtumbwi ulio usawa wa kiwiko. Ubao ukilala juu ya meza ndefu, kifundo hupinda. Aushushe chini ya kiuno.

Usimkande kwa maji ya moto sana: mkono wenye ganzi huungua bila kuhisi. Ganzi ikiendelea wiki kadhaa, au akianza kuangusha vikombe, mpeleke kituo cha afya. Wanaweza kumpa rufaa Hospitali ya Maweni. (Nawe mama, ujauzito pekee unaweza kukuletea ganzi kama hiyo. Mweleze mkunga kliniki.)