Hifadhi ya Wanyama ya Okapi

Hifadhi ya Wanyama ya Okapi ni eneo la msitu wa mvua magharibi mwa Bunia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ilianzishwa mwaka 1992, ina takriban kilomita za mraba 13,700, yaani kama sehemu moja ya tano ya msitu wa Ituri, na makao yake ni Epulu. Okapi ni jamaa wa twiga, ingawa miguu yake yenye milia humdanganya mgeni akadhani ni punda milia. Watu wa jamii za Wambuti na Waefe huwinda na kurina asali hifadhini humo. Hifadhi iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1996. Mwaka uliofuata, vita nchini humo viliifanya iwekwe katika orodha ya urithi ulio hatarini. Juni 2012 wanamgambo walivamia Epulu, wakaua watu na okapi 14 waliotunzwa katika kituo cha huko.