Mbegu ya Pwani: Kutoka Moshi wa Jikoni Hadi Plazima

Jiko la Kigiriama la zamani halikuwa la kupikia tu. Juu ya mafiga palikuwa na lutsaga, yaani uchaga wa fito, na hapo mahindi yalipangwa na maganda yake. Moshi uliyapaka masizi siku nenda siku rudi, fukusi akakosa raha. Hindi kubwa lenye mistari iliyonyooka liliwekwa kando. Masika yakikaribia, lilipukuchuliwa: punje za ncha na za kitako zikaenda chunguni, za katikati zikaenda shambani.

Pwani hii ya Kenya imeishi kwa nafaka. Baada ya Sultani Majid wa Zanzibar kuufufua mji wa Malindi mwaka 1861, majahazi yalipakia humo mtama na ufuta kwenda Arabuni, mazao ya jasho la watumwa. Baadaye Wagiriama walivuka mto Sabaki wakalima mahindi upande wa kaskazini. Mwaka 1914 Waingereza waliwafurusha huko na kuchoma nyumba zao. Nyumba ikiungua, uchaga nao huungua, na mbegu imekwenda.

Zama za mbegu chotara zilianzia mbali. Chotara ya mahindi ya H611 ilitolewa Kitale mwaka 1964, lakini mbegu za nyanda za juu hukawia kukomaa, na mvua ya Kilifi haimsubiri mtu. Kituo cha utafiti cha Mtwapa kikatafuta za kwetu: Coast Composite mwaka 1974, Pwani Hybrid 1 mwaka 1989, kisha Pwani Hybrid 4 (PH4) mwaka 1995. Hizi chotara mbili za Pwani hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne. Ila chotara ina sharti lake: ukirudia kupanda punje ulizovuna, nguvu hupungua. Uchaga ukageuka safari ya dukani kila msimu, ingawa wapo walioshikilia mingawa na mdzihana, mbegu za kienyeji za wazee wao.

Sasa maabara za Ulaya na Asia zinajaribu plazima baridi kwenye mbegu. Ni hewa iliyopitishiwa umeme hadi baadhi ya chembe zake zikachajika, bila joto la kuunguza. Radi ni ndugu yake mkali. Punje ikikaa humo kwa sekunde au dakika chache, ganda lake hukwaruzika, maji hupenya upesi, na ukungu wa juu yake hupungua. Katika majaribio kadhaa, ngano na mahindi yamechipua mapema. Watafiti wanapima pia virutubisho vya machipukizi. Lakini muda wa kukaa humo ukizidi, mbegu huumia.

Moshi ulilinda punje, chotara ikabadili uzazi wake. Plazima inarudi nje, kwenye ganda la punje, kama masizi yalivyokaa nje ya hindi. Kwa hiyo haichagui mbegu ya duka wala ya uchaga. Siku mtambo huo utakapojaribiwa Mtwapa, mingawa na mdzihana zisiachwe nje ya mlango: ziwekwe mstari mmoja na PH4, kisha mvua ya Kilifi iamue.